Pedali Tatu na Ukuta wa Afande

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Mtaniruhusu niongee nikiwa nimeegemea hii meza. Wiki nzima nimekuwa sokoni Kikuubo nabeba katoni za sabuni na madumu ya mafuta, na leo asubuhi mgongo wangu umekataa kunyooka. Ushuhuda huu nimeuahirisha mara nyingi kwa sababu ya kuchoka. Halafu nikajiambia, Bisimwa, ukingoja uchovu uishe ndipo umshukuru Mungu, utakufa hujamshukuru.

Wengi mnanijua kama Bisimwa wa besi. Huko Kikuubo hakuna anayelijua jina langu. Naitwa "wewe," naitwa "Mkongomani," naitwa "toka njiani." Sisemi hivi kwa kulalamika, ndiyo kazi yenyewe, na inawalisha watoto. Lakini Jumapili nikivaa lile gitaa begani, mimi ni mtu. Besi ni ile sauti ya chini inayobeba nyingine zote. Ikiwepo, hakuna anayeigeukia. Ikiondoka, miguu ya watu inapotea na hata kwaya haijui ishike wapi. Tangu tulipokimbia Bukavu, hicho ndicho kitu pekee nilichobaki nacho ambacho nakijua sawasawa.

Ndugu zangu, mnakumbuka mwenyekiti wa mtaa alivyokuja. Jirani alikuwa ameshtaki. Ukumbi wetu hapa Nsambya unagusana ukuta na nyumba ya Afande Odongo, polisi mstaafu, na Afande alisema ile spika yetu kubwa inamtikisia nyumba. Wazee wa kanisa wakaifungia stoo. Nikaambiwa nipitishe besi kwenye zile spika ndogo za waimbaji. Sasa, spika ndogo haiwezi kutoa sauti ya chini sawasawa. Nilikuwa nasimama pale mbele napiga, vidole vinauma, na hakuna kinachosikika. Tukifika kwenye sebeni, pale magitaa yanapochangamka na watu wanatakiwa kucheza, watu walikuwa wanakaa chini. Nikiongeza sauti, spika zinakoroma na Afande anagonga ukuta.

Mwisho Papa Mchungaji akaniita kando. Alisema kwa upole sana, "Ndugu Bisimwa, pumzika kwanza. Tukipata mahali pengine pa kuabudia, utarudi." Nilijua maana yake. Mahali pengine tumepatafuta miaka yote na hatujapapata. Nilienda nyumbani nikakaa kitandani na viatu miguuni. Sikulia, nilikuwa nimechoka hata kulia. Nilisema, Bwana, kumbe hata hiki umeniondolea.

Na bado Papa Mchungaji akanituma mimi, mimi kabisa, nipeleke sukari na mkate kwa Afande, kwa kuwa mke wake alikuwa na wiki kadhaa tangu atoke hospitali alikopasuliwa mgongo. Nilimkasirikia mchungaji njia nzima. Afande alinifungulia mlango amevaa fulana na kandambili, akanitazama kama mtu anayekagua gari barabarani.

"Wewe ndiyo ile ya gitaa mkubwa?"

"Ndiyo, Afande."

"Ingia. Kuja uone."

Akanipeleka chumbani. Mke wake, Mama Atim, alikuwa amelala chali, kitanda kimebanwa kwenye ukuta ule ule ambao upande wa pili sisi tunamsifu Mungu. Chumba ni kidogo, hakuna mahali pengine pa kukiweka. Afande akaweka kiganja chake ukutani.

"Mimi nilikuwa polisi, makelele mimi nazoea," alisema. "Watu ya kanisa kuimba si mbaya. Lakini hii ya chini, hii mzito, inapita hapa inaingia kwa kitanda. Mama hapana lala."

Mama Atim akageuza shingo polepole. "Mwanangu, wimbo mimi sisikii," alisema. "Nasikia tu ile du, du, du. Inaingia kwa mfupa, pale walipasua."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoelewa. Maana sauti nzito inapita ukuta, na sauti za juu zinabaki upande wa pili. Kwaya yote, vinanda, maombi, vyote vilikuwa vinaishia kwenye matofali. Katika Nsambya nzima mtu aliyekuwa ananisikia kuliko wote ni yule mama, na nilikuwa namuumiza. Nilisali pale pale bila kufumba macho.

Nikiwa napandisha kilima kurudi nyumbani, Roho akanikumbusha kitu cha zamani. Huko Bukavu tulikuwa na redio ndogo ya betri, na siku moja ulipigwa wimbo ambao besi yake ilikuwa imekwaruzwa kwa fazi. Fazi ni pedali, kisanduku cha chuma unachokikanyaga kwa mguu, kinaichukua sauti safi ya gitaa na kuikwaruza. Sauti inatoka na mikwaruzo ya juu juu kama ya mtu mwenye mafua. Na kwenye redio ile ndogo, ambayo besi zote zilipotea, ile ya fazi ilisikika kila noti. Nikasimama barabarani. Kama spika ndogo inaweza kuitoa sauti ya fazi, na sauti hiyo haina uzito wa kupita ukuta, basi je?

Karibu na Kikuubo kuna muuzaji wa vyombo vilivyotumika. Nilimwachia simu yangu kama dhamana, akaniazima pedali tatu. Akazijaribu zote pale dukani. Ya kijani alikuwa karibu kuibusu. "Ssebo, bwana wangu, hii ndiyo yenyewe," aliniambia, na alisema kweli, ilikuwa tamu na nene, nilitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Ya pili ilikuwa nyeupe, kali. Ya tatu ilikuwa imebanduka rangi yote na sauti yake ilikuwa mbaya, mashine ya kusaga unga ina afadhali. Nilitaka kuirudisha, akasema chukua tu, huenda watoto wakaichezea.

Jumamosi ya mazoezi nilimwomba Afande akae kando ya kitanda cha mke wake. Kama sauti itamfikia mama, agonge ukuta. Alikubali bila maneno mengi. Mama Mchungaji, mnamjua, alisema hizo pedali ni sauti ya baa. Nilimwambia mama, nipe mchana huu mmoja tu, ikishindikana nitalifunga gitaa mwenyewe. Na nilimaanisha. Sikuwa na nguvu ya kujaribu tena.

Tukaanza na ya kijani. Ule utamu wote, ndugu zangu, ulikuwa ni uzito! Hatujamaliza hata ubeti, Afande aligonga. Nilipunguza sauti mpaka hakugonga tena, na hapo hata mimi sikujisikia.

Nikaweka nyeupe. Ukuta kimya. Lakini yenyewe ilikuwa imeikata sauti ya chini yote, imebaki mlio wa mbu. Mpiga ngoma alipotea, kwaya ikapotea, na Mama Mchungaji akauliza kwa sauti ni nani ameleta nyuki kanisani. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nimebakiwa na kile kisanduku kibovu.

Nikakikanyaga. Peke yake kilikwaruza vibaya sana, mmoja wenu aliziba masikio, simtaji. Nikasema, pigeni, twende sote. Ngoma zikaingia, kinanda kikaingia, Dada Neema akaanzisha wimbo, na ule ubaya ukapata mahali pake. Siwezi kuueleza vizuri zaidi ya hapo. Kile kilichokuwa kinachukiza dukani kikakaa katikati ya sauti za watu, chini kidogo, juu kidogo, na kila noti ikasikika kwenye zile spika ndogo bila kuongeza kitu. Tukaingia sebeni. Dada Neema akaanza kucheza. Mama Mchungaji mwenyewe bega lilianza kwenda.

Mimi nilikuwa nasikiliza ukuta. Kila mara nilisema sasa atagonga, sasa atagonga. Hakugonga. Halafu mlango ukafunguliwa, na Afande akasimama pale na kandambili zake. Muziki ukafa wenyewe. Nilijua imekwisha. Nilianza kulivua gitaa begani, na nitawaambia ukweli, nilisikia kama nafuu, kwa sababu mtu aliyechoka sana hata kushindwa anakupokea kama kupumzika.

Afande akatutazama mmoja mmoja.

"Nani amesema nyinyi wache?" alisema. "Mama amelala. Pigeni."

Nilipiga huku machozi yananitiririka, na vidole havikuniuma.

Ndugu zangu, sikuja kuwaambia kwamba taabu imekwisha. Kesho alfajiri niko Kikuubo. Mama Atim bado anajifunza kukaa. Mahali pengine pa kuabudia bado hatujapata, na spika kubwa bado imefungiwa stoo. Lakini nilikuwa nimeshakubali kuachwa, na Mungu hakuniacha. Wewe uliyekuja hapa leo na hata wimbo huwezi kuimba, sikuambii uimbe. Mtumaini tu mpaka jioni, na jioni umtumaini tena. Yeye hana haja uwe na nguvu ndipo akusikie.

Namshukuru Bwana, namshukuru Papa Mchungaji aliyenituma na sukari nikiwa nimenuna. Sasa tusimame tuombe. Tuombe kwa sauti ndogo, tafadhali. Saa hizi Mama Atim amelala.