Mgombea Aliyebana Tumbo

Kwenye treni ya asubuhi, mbele yangu walikaa mama mshona suti na fundi bomba mmoja, watu wasiojuana. Fundi bomba alikuwa ameegemeza tumboni karatasi ya mgombea, anasoma ahadi ya kuleta maji mitaani. Mama akachungulia picha, akaguna.

"Huyo nilimpima suti, kaka yangu. Nilipofika kiunoni akabana tumbo. Siku ya kuvaa vifungo vikaruka, akanilaumu mimi. Kama ameidanganya futi yangu, wewe utapona?"

"Mama, mimi sichagui tumbo. Kwetu bomba limekauka mwaka wa tatu huu, na fundi bomba wa mtaa ni mimi. Watoto wangu wananicheka!"

"Mpinzani wake nilimpima pia, tumbo aliliachia lote. Alinitukana, ndiyo, lakini hakuficha hata inchi moja."

"Ameahidi nini?"

"Hajaahidi kitu."

"Kwa hiyo ana tumbo tu!"

"Lakini la kweli."

Nimesikiliza wachambuzi redioni miaka mingi, hakuna aliyewahi kufika hapo.

Fundi bomba akang'aka kwamba kura ni ya sera, tabia ya mtu tumwachie mkewe. Mama akatoa futi mkobani, akasema, "Simama nikupime."

Fundi akasimama kwa kiburi, na lile tumbo lililobeba karatasi safari nzima likatoweka.

"Unaona?"

"Ni treni inatikisika!"

Treni ilikuwa imeshasimama. Mama akanigeukia na futi yake. Nikashuka mbio, kituo kisicho changu, na milango ilipofungwa ndipo nikaliachia tumbo langu.