Majina Nilifuta ku Mashini ya Beni

Bandugu, asante kunipatia nafasi ya kutoa ushuhuda wangu. Muniache niseme polepole.

Wakati wa vita nilikuwa natumika hapa Butembo, ku bureau yenye ilikuwa inatafutia batoto benye kupotea bazazi yabo. Beni kulikuwa ordinateur ingine, kompyuta kama yetu. Mama mumoja, mwenzangu wa kazi, alikuwa anaingiza ndani majina ya batoto benye kufika kule peke yabo. Kila midi, saa sita ya muchana, jenereta ikiwaka, nilikuwa naingia mu ile mashini kwa njia ya satellite, naandika amri moja moja: kopya majina, tuma Butembo, kisha futa kule, juu nafasi mu ile mashini ilikuwa kidogo.

Nikachoka. Nikaandika amri zote mu fichier moja, faili yenye banaita script, mashini izifuate yenyewe. Nawaambia, nilijivuna sana. Sikuweka hata mustari moja ya kuhakikisha kama majina imefika.

Siku moja satellite ikakatika katikati. Majina haikufika. Script yangu ikaendelea mpaka amri ya mwisho, ikafuta.

Nikanyamaza. Ku bureau nikasema mashini iko na ugonjwa. Mama mumoja wa Kimemi, hapa Butembo, alikuwa anakuja kila juma kuuliza juu ya binti yake mwenye alipotea, na mimi namujibu hakuna jina. Juma ya tatu akaniangalia.

"Papa, unatafuta kweli?"

Bandugu, hapo nguvu ya kudanganya iliisha. Nikamwambia, "Mama, majina nilifuta mimi mwenyewe."

Hakunitukana. Akauliza, "Bale batoto, beko bado Beni?"

Nikasema ndiyo.

"Donc, basi twende."

Tulipanda lori pamoja. Mwenzangu wa Beni, nilipomueleza, alisikitika, mais alichukua kaye na bic ya kuandikia, akatuongoza nyumba kwa nyumba mu Beu, mutaa ya Beni, kwa jamaa zenye kupokea bale batoto. Siku ya ine tukakuta binti, anaosha sahani. Mama alimukumbata, mimi nikaanza kulia. Akaniambia, "Papa, kuko batoto bengine. Andika."

Tukaandika mpaka mwisho. Kisha nikatengeneza upya ile script: kwanza ihakikishe majina imefika, ndipo ifute.

Nashukuru bale bamama bawili. Nashukuru chef wangu wa bureau: nilipomwambia ukweli alinikaripia, mais hakunifukuza.

Bandugu, kuharibu kazi kunaweza kufikia kila mutu. Mais kama kuko mutu anangojea jibu yako, umwambie ukweli leo. Zile juma tatu nilinyamaza, ni yule mama alizibeba, si mimi.