Bi Conchesta na Bimu ya Skuli ya Ghorofa

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, Bi Conchesta Kamugisha, fundi sanifu wa vipimo katika maabara yetu ya ujenzi hapa Chake Chake, anastaafu Jumanne hii, tarehe 30 Juni 2026. Alikuja Pemba kutoka Muleba akiwa msichana, pweza hamjui hata kwa sura. Leo anampika kwa nazi kutushinda sisi tuliozaliwa Madungu.

Kazi yake, kwa tusiosoma sana kama mimi Asya ninayepika chai ya ofisi, ni hii. Kila kitu ukikitwika mzigo kinanepa, hata zege, hata chuma, ila jicho halioni. Yeye hubandika kwenye chuma kijikaratasi chenye waya mwembamba. Chuma kikivutika, waya nao unavutika, na mashine inasema kwa kiasi gani. Chini ya bimu, yaani boriti ya zege, huweka saa ya kupimia, yenye sindano. Kunepa kwenyewe hakumtishi. Anachokiogopa ni kitu kilichonepa kisirudi mzigo ukishatuliwa.

Mwaka jana aliitwa skuli ya ghorofa anakosoma mwanangu Mardhiya, bimu inayobeba sakafu ya chumba cha juu imetoka ufa. Akapandisha mapipa, akayajaza maji yawe ndio mzigo, akaacha yalale. Asubuhi sindano imerudi nyuma, kama bimu imejinyoosha yenyewe. Rajab, msaidizi wake, akapiga makofi: bimu nzima! Bi Conchesta akapanda juu, akakuta mapipa nusu. Maji ya mfereji yalikatika mtaani, na akinamama wameshachota.

"Mwataka watoto wakoge mchanga, na maji yamejaa huku juu?" Bi Duni, mmoja wao, alimuuliza, ndoo kichwani.

Bi Conchesta alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Kisha akayajaza upya, na safari hii akayalinda mwenyewe.

Sindano ilishuka, na mapipa yalipomwagwa haikurudi ilipotoka. Akakifunga chumba siku ile ile. Wazazi tulimsema sana, maana watoto walibanwa chini, wengine wakasomeshwa jioni. Hakugombana na mtu. Alisema lawama zetu anaziweza, msiba wetu hauwezi.

Sasa chumba kimewekewa nguzo za chuma chini yake. Skuli zikifunguliwa Mardhiya anarudi juu, na Bi Conchesta atakuwa kwao Muleba. Usingizi ulinipaa. Wiki iliyopita, siku ya kupima tena, nilimfuata na birika mkononi nikamuuliza: je, ukiwa umekosea, nimkimbilie nani?

"Mama Mardhiya, usiniamini mimi," akaniambia. "Njoo utazame. Na hilo birika liweke chini, utaniunguza."

Nikaingia chini ya bimu, nikainama kati ya magogo aliyoyasimamisha kuikinga ikianguka. Rajab akawa anayamwaga mapipa yaliyolala yamejaa juu, mimi nimeikazia macho sindano, nahisi hata kupumua nitaiharibu. Ikapanda kidogo kidogo. Ikasita. Ikapanda tena, ikafika pale pale ilipoanzia, kwenye alama ya kabla ya mzigo.

Bi Conchesta, ahsante kwa majumba uliyotupimia, na kwa chumba ulichokifunga tukakununia. Mungu akupe afya, na migomba ya kwenu izae mpaka uchoke kugawa. Mimi hofu haijanitoka, sikufichi. Lakini Mardhiya atapanda juu. Sindano nimeiona ikirudi kwa macho yangu.