Dada Deisye Aliyeomba Picha ya Pili

Wapendwa wa usharika, majirani na jamaa, familia za Lontoh na Sumual zinawashukuru kwa kupanda hadi mji wetu wa mlimani, Tomohon, na mvua hii. Kwa ruhusa ya mchungaji, mimi mdogo wake, Novry, nasoma maisha ya dada yetu.

Deisye Maria Lontoh alizaliwa hapa Tomohon tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa kwanza wa marehemu Welly Lontoh, mkulima wa karafuu, na Mama Yultje. Alisoma hapa hapa hadi sekondari, kisha akaenda chuo kikuu mjini Bandung kusomea fizikia, akahitimu mwaka 1998.

Aliajiriwa hospitalini mjini Manado, idara ya mionzi. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha vipimo vya MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, vinaaminika kabla madaktari hawajavitumia kuelekeza mionzi kwenye saratani. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, aliilaza chupa ya maji ndani ya mashine na kuipiga picha. Wenzake wakamwita Mama Chupa. Aliwajibu, "Maji hayaugui. Yakibadilika, mashine ndiyo mgonjwa." Siku moja kipimo kilishuka, akazuia wagonjwa wasiingizwe, idara nzima ikamnunia. Alipoishika chupa akakuta ni baridi, na baridi hubadili kipimo: mfanyakazi mpya alikuwa ameihifadhi kwenye friji pamoja na soda. Alicheka mpaka akakaa chini. Hata hivyo, mashine ilisubiri mpaka maji yakapata joto la chumba.

Alifunga ndoa na Frangky Sumual tarehe 7 Julai 2001 katika kanisa hili, wakajaliwa binti, Injilia. Kwaya inaikumbuka sauti ya Deisye, na pilipili ya mapishi yake.

Februari 2021 aligundulika kuwa na saratani nyuma ya pua. Katikati ya matibabu, kipimo cha MRI kilionyesha uvimbe unapungua. Daktari wake, Palenewen, alitaka kupunguza eneo la mionzi ili tezi za mate zipone, aendelee kula na kuimba. Habari zilitufikia nyumbani kwa simu, tukamwalika mchungaji kwa ibada ya shukrani, na nguruwe akachinjwa. Deisye, kabla hajatoka hospitalini, akaomba atembee kidogo, alazwe upya kwenye mashine na kupigwa picha nyingine asubuhi ile ile.

Frangky alikasirika. "Mama Injilia, hata habari njema unaitilia shaka?"

"Hiyo hasa, Baba Injilia. Kwa sababu ndiyo ninayoitamani."

Picha ya pili ilitoa kipimo kingine. Tofauti ya picha mbili za asubuhi moja ilikuwa kubwa kama nafuu yote tuliyoishangilia. Hakuna aliyeweza kusema kama uvimbe umepungua kweli. Yeye mwenyewe akamwomba daktari asipunguze chochote. Ibada ikaahirishwa, nyama ikaliwa bila nyimbo. Mate yalimkauka, na sauti ya kuimba haikurudi.

Lakini uvimbe uliisha. Mungu alimwongezea miaka, akamwona Injilia akipata kipaimara.

Novemba iliyopita alianza kuumwa mgongo. Picha ilionyesha saratani imeingia kwenye mifupa. Safari hii Frangky ndiye aliyeomba picha ya pili. Kulala chali kulimtesa sana Deisye, lakini alikubali kwa ajili ya mumewe. Tulisubiri nje ya chumba cha mashine.

Picha zililingana.

Deisye alimshika Frangky mkono. "Zimesema kitu kimoja, Baba Injilia. Sasa mwite mchungaji. Tuna shukrani tuliyoiahirisha."

Ibada ile ilifanyika kando ya kitanda chake. Kwaya iliimba, naye akafuatisha kwa midomo. Alilala katika Bwana nyumbani kwake Manado, Jumapili tarehe 19 Januari 2025.

Ameacha mume, Frangky, binti, Injilia, mama mzazi, Yultje, nami mdogo wake, pamoja na wagonjwa wengi ambao hawakupata kumjua kwa jina.

Pumzika, Dada, katika amani ya Kristo uliyemwamini.