Mluzi Uliokuwa Ukiitikiwa Sakafuni

Wasikilizaji wapendwa, karibuni, vuteni vigoda. Leo tunamkumbuka Yang Sun-deok, mzamiaji wa kisiwa cha Jeju, aliyetutoka juma lililopita akiwa na miaka sabini na minane. Huku sote tulimwita Mama Mira, kwa jina la bintiye. Moyo ndio uliomchukua, usingizini. Lakini ugonjwa uliomtenga na wenzake ulikuwa mwingine. Shikeni jina lake mapema: kipandauso cha kizunguzungu.

Mama Mira alizamia tangu usichana. Bila mtungi wa hewa. Pumzi moja, chini, kombe mkononi, juu. Mzamiaji akiibuka huitoa pumzi kwa mluzi, na kila mmoja ana mluzi wake. Ukiwa nchi kavu unawatambua kwa milio hiyo, kama unavyomtambua jirani kwa kikohozi. Mwenzake alikuwa Bu Gap-saeng. Wawili wawili, ndiyo sheria ya bahari. Gap-saeng akipiga, Mama Mira anaitikia. Miaka nenda miaka rudi.

Na kabla ya maji, wanawake hawa walifanya walivyofanya mama zao. Tumbo tupu, halafu pakiti ya unga wa kichwa, dawa ya maumivu. Unga ulimini, maji kidogo, haya twende. Kila siku ya bahari.

Ikaja asubuhi moja. Jua linametameta juu ya maji, Mama Mira yuko chini. Ghafla dunia ikapinduka. Akapiga mbizi kuelekea mwambani, akidhani anapanda. Gap-saeng alimdaka kifundo cha mguu, akamvuta hadi juu.

Walipokaa mviringo kuota moto ndani ya ukuta wao wa mawe pale ufukweni, mmoja akamchokoza.

"We Mama Mira, leo umefungua kinywa kwa pombe?"

"Sijaigusa."

"Basi bahari ndiyo imelewa!"

Wakacheka. Gap-saeng hakucheka.

Kizunguzungu kikarudi. Kikarudi tena. Daktari wa masikio akasema masikio mazima, labda uzee. Kichwa chenyewe hakikumuuma sana. Basi minong'ono ikaanza: anaogopa, anadeka, bahari imemkataa. Mwishowe Gap-saeng akasema mbele ya wote.

"Mama Mira, mimi nina wajukuu. Sizamii na mtu asiyejua juu ni wapi."

"Si utanishika, dada, kama siku ile?"

"Na nikikukosa?"

Mama Mira akatazama mviringo mzima. Kila mtu akachochea moto. Na bila mwenza, wasikilizaji, hakuna bahari.

Miaka sita alikaa nje ya ule mviringo. Kizunguzungu kikimjia alilala sakafuni, dirisha limezibwa kwa blanketi, maana mng'ao wa maji ulimtapisha. Bintiye Mira anasimulia: "Mama alikazia macho msumari ukutani. Ukimgusa anasema, mwanangu, usiusogeze ukuta."

Na unga wa kichwa? Aliuongeza. Hata siku zisizo za bahari. Alitaka apone upesi arudi kwa mwenzake.

Ndipo Mira akampeleka mjini, kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Huyu hakuanza na masikio.

"Ujanani kichwa kilikuwa kinakuuma?"

"Nani hakimuumi?"

"Na mama yako?"

"Alijifunga kitambaa kichwani mpaka kufa kwake."

"Huu unga unautumia lini?"

"Kila siku."

"Na unakula saa ngapi?"

"Wenzangu wakitoka baharini."

"Lakini wewe huendi tena."

"Huwa nawangojea."

Daktari akaweka kalamu chini. Akamweleza. Kipandauso si lazima kipige kichwa. Huweza kuja kama kizunguzungu, kichefuchefu, kuchukia mwanga na kelele. Hurithiwa katika ukoo. Njaa hukiamsha, usingizi wa mang'amung'amu hukiamsha. Na dawa ya maumivu ikimezwa kila siku huweza kukilisha badala ya kukifukuza.

Akaachishwa unga, daktari akimsimamia. Wiki za kwanza zilikuwa chungu. Akapewa dawa ya kuzuia, akafundishwa kugeuza kichwa polepole mwili uzoee. Akala uji alfajiri, akalala kwa wakati. Hakupona kabisa. Ila kilichokuja kila wiki kikawa cha mara chache kwa mwaka. Kilindi, daktari alikikataza moja kwa moja.

Akaanza kuokota mwani maji yakitoka. Peke yake. Siku moja Gap-saeng akaja akachutama kando.

"Nasikia ugonjwa wako una jina."

"Unalo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, dada. Sikuwa na jina lake tu."

Gap-saeng akavuta mwani mkono mzima. "Ungevunjika mguu, ningekubeba mgongoni."

"Najua," akasema Mama Mira. Wakaokota mpaka maji yakajaa. Gap-saeng akaenda motoni kwa wenzake, Mama Mira akaenda nyumbani.

Siku ya mazishi, Mira alimwambia Gap-saeng jambo moja. "Shangazi, ile miaka ya sakafuni, Mama alikuwa akisikia mluzi wako anakuitikia. Polepole, kichwa kisitikisike."

Juzi wanawake walirudi baharini. Gap-saeng aliwapikia uji kwanza, kila mtu bakuli, na mwenye unga akaombwa akamwone daktari. Kisha akazama. Akaibuka, akapiga mluzi. Akaugeukia mlango wa Mama Mira, akashikilia boya lake, akangoja.

Mira, na ukoo wote wa Yang, poleni sana. Gap-saeng, pole nawe, maana mfiwa si wa damu pekee. Nasi tulio hai, tujiulize: nani karibu yetu amesema dunia inamzunguka, tukachochea moto? Mshike mkono kwanza. Jina la ugonjwa mtalitafuta pamoja.