Mbwa Bila Koja

Mume wangu Purna alifariki mwezi wa Bhadau, na kwa desturi yetu nyumba iliyofiwa haisherehekei sikukuu yoyote mwaka mzima. Sikukuu ya kuwaenzi mbwa ilipofika, mji wetu wa Patan hapa Nepal wote ukiwavisha mbwa wake makoja ya maua, mimi nilipanda basi kwenda kwa dada yangu.

Mbele yangu kijana mpiga picha alikuwa akimwonyesha mama muuza maua picha alizopiga mitaani. "Wote wamevaa makoja, mama, wamefanana kama maharusi. Huyu tu ndiye tofauti."

Nilichungulia. Alikuwa Kale, mbwa wa mtaani aliyezoea kulishwa na Purna, amelala kwenye ngazi za nyumba yangu, shingo tupu.

"Umemkuta hivyo siku yake, ukatoa kamera?" mama akauliza. "Huna hata haya."

"Ningemvisha, picha ingekuwa ya uongo."

"Ingekuwa ya mbwa aliyefurahi. Na wenye nyumba hiyo ni watu gani?"

"Labda wamefiwa, mama. Mlango umefungwa, na mbwa hataki kuondoka."

Mama akaitazama tena picha. "Basi jirani angemvisha. Msiba wa watu haumkatazi mbwa maua."

"Huyu naona ana msiba wake mwenyewe."

Basi likasimama kituo cha Lagankhel, wakashuka wakibishana. Hawakujua kwamba nyumba ile ni yangu, lakini nilifurahi kwamba kuna mtu amemwona.

Kale bado hulala ngazini, na wali wake siku hizi napika mimi.