Vichujio Vilivyoanikwa Kambani: Historia ya Marehemu Bazilio Nduwayezu

Baba Paroko, wazee wa Murungu, majirani, wafanyakazi wenzake mliokuja na lori la kokoto, na ninyi pia mliokalia viti vya mbele bila kuonyeshwa mahali pa kukaa, familia inawasalimu nyote. Kabla ya yote, ieleweke kwamba jana jioni Meneja Jordan Kalunga, wa kampuni ya kusaga kokoto aliyoitumikia marehemu, alituletea historia aliyokwisha kuichapa, yenye mihuri miwili, iliyosema kwamba marehemu aliuawa na sigara, akaomba tusome hiyo ili tusije tukawavuruga wafanyakazi. Mjane, mama Jeannette Nsimire, aliisoma yote, akairudisha, akasema, "Bwana yangu hakuvutaka tumbako hata siku moja. Muandike ile kitu njo ilimuua." Kwa hiyo inayosomwa leo ni ya kwetu, haina muhuri.

Marehemu Bazilio alizaliwa tarehe 11 Agosti 1979 hapa Murungu, wilaya ya Kibondo, akiwa mtoto wa nne wa mzee Ndayikeza na mama Veronika, na tangu utotoni hakuvumilia kazi ya ovyo ovyo, maana mama yake alipenda kusimulia jinsi alivyorudisha sahani ya maharage kwa sababu ya changarawe moja, akalala na njaa, na asubuhi hakuomba msamaha. Alisoma shule ya msingi hapa hapa Murungu kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, akaendelea na sekondari Kibondo mjini hadi 1997, kisha akapata cheti cha ufundi wa maabara mwaka 2000.

Mwaka 2001 aliajiriwa kupima maji katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, na huko ndiko alikomwona Jeannette, aliyetoka Kongo na aliyekuwa akiuza nyanya karibu na bomba, na ambaye alimwambia wazi kwamba mwanaume anayenawa mikono mara tatu kabla ya kushika chupa ama ni mgonjwa ama ni mume mzuri. Walifunga ndoa Kasulu tarehe 7 Julai 2007, wakabarikiwa watoto watatu, Pacifique, Gentille na Veronika mdogo, ambao wote wanajua kwamba kibano cha baba hakikuguswa na mtu, hata kwa kutoa mwiba.

Tarehe 3 Juni 2019 aliingia kampuni hiyo ya kokoto, nje kidogo ya Kasulu, kama mpima vumbi, kazi ambayo wakubwa zake hawakuielewa siku aliyoianza wala hawaielewi leo, kwa hiyo familia itaieleza polepole kwa faida yao. Mfanyakazi hufungwa pampu ndogo kiunoni, mpira ukapanda hadi kwenye kola ya shati, na mwishoni mwake kuna kichujio cheupe cha mviringo, chembamba, cha plastiki maalumu isiyoliwa na tindikali, ambacho kimepimwa uzito maabara Dar es Salaam kabla ya kuja, kikavuta hewa ile ile anayoivuta mtu zamu nzima, kisha kikarudishwa kupimwa tena. Uzito ulioongezeka ndio vumbi, na kwa kuwa plastiki ile haiyeyuki, maabara huweza kulichemsha vumbi kwa tindikali kali na kujua lina nini ndani yake. Marehemu alikishika kwa kibano, hakukipulizia, hakukipangusa, na vichujio vyake vilirudi Dar vikiwa na rangi ya majivu, jambo lililomkera meneja kama vile marehemu ndiye aliyevichafua.

Mwezi Septemba 2022, wakaguzi wa mradi wa barabara unaonunua kokoto zetu wakiwa njiani kuja kuangalia vipimo vya vumbi, Meneja Kalunga alitoka semina akiwa ameshika jambo moja tu, kwamba vichujio hivyo haviharibiwi na kemikali, na msomi wetu akahitimisha kwamba basi vinafulika. Aliamuru vichujio kumi na vinne vilivyotumika vilowekwe kwenye sabuni ya unga, vikasuuzwa kwa spiriti, vikaanikwa nyuma ya jiko la ofisi kwa vibanio vya nguo, vikipepea kati ya taulo na soksi za mlinzi, halafu vikatumwa maabara kama vipimo vipya. Marehemu alivikuta pale kambani, na mama Jeannette anasema siku hiyo alirudi nyumbani akakaa mlangoni hakula, akasema tu kwamba amewahi kufanya kazi na wajinga, lakini hawa ni wajinga wenye madaraka.

Maabara ilijibu kwamba vichujio vitano vimerudi vyepesi kuliko vilivyoondoka vikiwa vipya, kwa sababu vibanio vilikuwa vimemega kingo zake, na kwamba kimoja kinanukia sabuni. Meneja, bila haya, aliandika barua kwamba hewa ya nyanda za juu za Kigoma ni safi kiasi cha kupunguza uzito wa kichujio, akamtaka marehemu atie sahihi. Marehemu alikataa. Kesho yake alinyang'anywa pampu, akapelekwa kulisha mawe kwenye mashine, mdomoni kitambaa, na hapo alisimama miaka miwili, kwa kuwa alikuwa na watoto shuleni, na kwa kuwa, kama alivyosema mwenyewe, hakutaka kuwapa raha ya kumwona anaondoka.

Kikohozi kilianza Februari 2024. Alipimwa kifua kikuu mara tatu, mara tatu hakuwa nacho, mpaka Daktari Shamsi wa Kasulu alipompiga picha na kuandika kwamba mapafu yamejaa makovu ya vumbi la mawe. Alifariki dunia Jumatano tarehe 12 Machi 2025, saa kumi alasiri, akiwa na miaka 45, akiwa ameketi, kwa maana kulala kulikuwa kumeshamshinda, na mkewe amemshika mgongo. Tulimpenda, na tuna hasira.

Familia inamshukuru Daktari Shamsi na wauguzi wote, majirani wa Murungu mliochimba kaburi, na wafanyakazi wenzake mliombeba mgongoni hadi zahanati siku gari la kampuni liliposemekana halina mafuta. Shada la kampuni, ambalo jina la kampuni limeandikwa kubwa kuliko la marehemu, tumelipokea, limewekwa mbali na mbuzi.

Mwisho ni tangazo. Daftari lililo mezani kwa mama Jeannette si la rambirambi. Juu yake pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba sisi tunaofanya kazi kwenye mashine ya kokoto tunakiri vumbi ni jingi na hupimwa kwa udanganyifu, na tunaomba kupigwa picha za vifua, na Jumatatu saa mbili asubuhi Daktari Shamsi anawasubiri walioandika, kisha nakala itakwenda kwa mkaguzi wa kazi. Kila aliyeandika alisoma kwanza, isipokuwa mmoja, aliyewapita wenzake kwenye foleni akaandika jina, cheo na sahihi. Wako ishirini na saba, na wa kwanza ni Meneja Jordan Kalunga.

Lala kwa amani, Bazilio, Jumatatu watu wanapimwa.